Mbaazi za Kugeuza Mvua Kuwa Jua

Ilikuwa miaka ya tisini, huku upande wa Tawa. Mvua ilikuwa imetukataa na kila mtu alitafuta wa kulaumu. Kitindamimba wangu alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, na Jumatatu alikuwa na intavyu ya kazi huko huko. Jumapili nikatoka kanisani na mwenzangu wa chama cha akina mama (jina lake ninalo, acha likae), tukamkuta binti yangu huyo amechuchumaa nyuma ya nyumba. Amechora visanduku kwa makaa juu ya gunia, amepanga mbaazi ndani yake, na anaongea peke yake: "Mvua iwe jua... mbili."

Kwetu anayepanga mbegu hivyo ni mundu mue, yule mganga anayemwaga za kibuyu chake chini aone nani amekuroga.

"Ngai, Mungu wangu!" mwenzangu akapiga kelele. "Kumbe mvua imefungwa hapa! Naenda kuita mchungaji."

Akifika huko, binti atasimamishwa mbele ya kanisa, na intavyu ndiyo hiyo imeenda. Nikamshika mwenzangu leso. "Ngoja aseme kwanza."

"Mwaitu, mama yangu, ni hesabu ya maneno tu," binti akasema. "Kwenye intavyu wanakupa maneno mawili. Utaongeza, utoe au ubadilishe herufi ngapi, chache kabisa, ili moja liwe lingine? Naanza na vipande vidogo. Kila kisanduku kinauliza majirani waliokwisha kujibiwa, kwa hivyo sirudii kazi. Kompyuta ndivyo inavyojua jina limeandikwa vibaya."

"Mimi ndio mjinga, eh?" mwenzangu akasema. "Basi weka mchawi. Mgeuze awe mchungaji, tuone kama mbaazi hazitakuumbua."

Binti akachora upya, akajaza mstari kwa mstari. Kisanduku cha mwisho kikapata mbaazi nne.

"Nne tu?" Mwenzangu akashika kifua. "Kati ya mchawi na mchungaji?"

"Unaongeza tatu, unabadilisha moja, mama."

Akahesabu kwa vidole, akanuna, akahesabu tena. Halafu akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisa. Kwa mchungaji hakwenda. Angemwambia nini, na maneno aliyatoa yeye mwenyewe?

Jumatatu binti akaenda. Aliporudi, alisema akiwa bado mlangoni: "Waliuliza hiyo hiyo, mwaitu. Wamenichukua."

Watu wazima, wamevaa tai, wamekaa Nairobi wanageuza maneno, na kuna mshahara!

"Kazi ni hiyo?" nikamuuliza. "Kweli, ni hiyo?"