Samaki wa Mwisho wa Bwawa la Wapagazi

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa debe nusu, kabla shingo yangu haijaweza debe zima, tulihamishiwa kijiji kipya kando ya Bwawa la Wapagazi. Kabla ya hapo tuliishi kaya nne tu, mbalimbali, kila moja na mihogo yake. Lori likaja, tukapakia vitanda, mitungi na kuku, tukashushwa kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikitazamana kama wanafunzi mstarini. Sisi hatukwenda mbali, maana bwawa hilo ndilo tulilotekea maji siku zote. Wengi walitoka mbali na hawakulijua.

Bwawa lilikuwa katikati ya mbuga, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Tabora mjini, mahali ilipopita njia ya zamani ya misafara. Baba yake Bibi aliipita akiwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu kwenda pwani na majora ya nguo akirudi. Wakati wa mvua nyingi mbuga yote ilifurika ikaungana na mto, samaki wakaingia na kutoka watakavyo. Kiangazi maji yalirudi nyuma, mpaka mwisho kikabaki kidimbwi kimoja cha tope ambamo kambare wote walijibana. Kuwavua hapo hakukuhitaji ufundi. Kwa hiyo wapagazi waliwekeana desturi: vueni mle, lakini wale wakubwa wa mwisho waacheni.

"Msafara wa nyuma nao una matumbo," Bibi alikuwa akisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kusemwa wazi. Sababu nyingine aliisema kwa sauti ya chini. Katika kila kiangazi, alisema, miongoni mwa waliobaki kuna mmoja ambaye ndiye mwenye bwawa. Tulipokwenda kuchota maji alinionyesha jike moja kubwa, jeusi mgongoni, sharubu ndefu, likipumua juu ya maji kama mzee aliyepanda mlima.

"Mke mwenzangu, unamwona yule?" Aliniita hivyo kwa utani, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Namwona, Bibi."

"Anayemvua yule anaifungulia homa mlango. Na homa ikishaingia haichagui nyumba."

Mwaka wetu wa kwanza kijijini mvua zilikuwa haba. Mahindi yalikauka yakiwa kiunoni. Tukala unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na watu wakaligeukia bwawa. Kaya nne zilikuwa zimekuwa kijiji kizima. Walivua kwa nyavu, kwa matenga, kwa vyandarua vibovu, na wengine walichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kando ili tope libaki wazi. Bibi akaenda kwenye mkutano wa kijiji, akasimama na fimbo yake, akaomba jike lile kubwa liachwe.

Kijana mmoja akadakia kutoka nyuma, "Bibi, kama huyo ni mwenyeji, basi ajiandikishe kwa balozi wa nyumba kumi apewe kiwanja!"

Watu wakacheka. Hata mama yangu, aliyekuwa na tumbo la kujifungua, nilimwona akifunika mdomo kwa kanga.

"Alikuwepo kabla ya hivyo viwanja vyenu," Bibi akajibu. "Cheka, mwanangu. Meno unayo bado."

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alisema ujinga ni adui kama maradhi na umaskini, na samaki ni samaki. Hata hivyo, kwa heshima ya uzee, akaamuru jike lile liachwe. Naamini watu walitii kwa kuwa lilikuwa moja tu, na walikwisha kula mengine yote.

Mdogo wangu Masanja akazaliwa wiki ileile. Mama hakuwa na maziwa. Kwa siku mbili za kwanza hilo halikumshtua mtu. Siku ya tano mtoto alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi, kama kinda la ndege. Bibi alimpa Mama uji wa yanga, akamkanda mgongo, akamchemshia majani. Mzazi alihitaji supu, na supu haikuwepo. Kuku wote walikwisha kufa kwa kideri. Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alileta karanga kiganja kimoja ndani ya kitambaa, akasema, "Dada, nisamehe, ndizo zilizobaki." Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku, mbali, na barua haikuwa imemfikia.

Siku ya saba, saa sita mchana, watu wote wakiwa shamba la ujamaa, nilichukua tenga bovu lililotoka kitako nikaenda bwawani. Sikwenda kwa ushujaa. Niliogopa. Lakini nilikuwa nimemwona Masanja asubuhi, na hofu ya lile nililoliona ilikuwa kubwa kuliko hofu ya lile nililoambiwa.

Nililikuta limelala karibu na ukingo. Nikalifunika kwa tenga, nikaingiza mkono kwa juu, mwiba wa pezi ukanichoma nikapiga kelele peke yangu mbugani. Nililipiga kichwani kwa jiwe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilipolipasua nyumbani, tumbo lilikuwa limejaa mayai, ya kijani kama uwele mbichi. Nikayatia chunguni yote.

"Umetoa wapi?" Mama akauliza.

"Nimepewa na mvuvi wa ng'ambo."

Hakuuliza mara ya pili. Kwa miaka mingi nilidhani niliidanganya akili yake. Sasa nimezaa wanne, na najua mama mwenye mtoto wa siku saba anayekauka mikononi hachunguzi supu inatoka wapi.

Bibi alirudi kutoka shambani, akasimama mlangoni, akavuta harufu. Akatazama kidole changu kilichovimba. Nilimpa bakuli, akaliweka chini.

"Mpe mama yako na hili," akasema, akatoka nje.

Baada ya siku mbili maziwa yakaja. Sijui kama ni supu, ni zile karanga, au ni wakati wake. Masanja akanyonya hadi akalala na chuchu mdomoni.

Mvua za mwaka uliofuata zilinyesha, lakini si za kufurisha. Bwawa likajaa, mbuga ikalowa, ila maji hayakufika mtoni, kwa hiyo hakuna kilichoingia kutoka huko. Miaka mingine, wiki chache baada ya mvua, maji ya pembeni yalikuwa yanatikisika kwa vitoto vya kambare, vyeusi, vingi kama mbegu za kitunguu zilizomwagika. Mwaka ule maji yalikaa kimya. Korongo wawili walishuka, wakatembea humo asubuhi moja, wakichovya midomo na kuinua bure, wakaondoka. Nilipochota maji debe lilijaa viluwiluwi vya mbu, vinajikunja na kujikunjua. Tulikuwa tunayachuja kwa kanga kuukuu.

Jioni mbu walikuja kwa mlio ambao haukuwa wa kawaida yetu. Homa ikaingia nyumba kwa nyumba. Vidonge vya zahanati viliisha. Mimi niliugua nikapona, Mama aliugua akapona, Masanja hakuguswa. Zuhura, binti wa jirani yetu, alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nikimbeba mgongoni mama yake anapotwanga. Alianza kutetemeka siku ya Jumatatu na Alhamisi tukamzika.

Baada ya maziko Bibi alinikuta nyuma ya nyumba. Nilianza kusema, akaniwekea kiganja mdomoni.

"Usiseme kwa mtu," alisema. "Mama yako ananyonyesha. Maneno haya yakifika masikioni mwake maziwa yatakata, na utakuwa umewaua wawili."

Hakunipiga. Hakuniambia sikukosa. Alikufa miaka minne baadaye na hakuligusa tena jambo lile. Hakuniita tena mke mwenzake, aliniita jina langu.

Nilipokwenda sekondari, mwalimu wa biolojia alichora bwawa ubaoni. Alichora majani, mbu, samaki, ndege, akaviunganisha kwa mishale kuonyesha nani anamla nani. Kisha akachukua kifutio akafuta samaki, akatuuliza nini kitatokea. Mikono ikanyooka darasa zima. Mimi nilijua jibu na sikunyoosha. Nilikuwa naona jinsi mishale ilivyobaki ikining'inia, haielekei popote.

Nilijaribu baadaye kujitetea kwa elimu ileile. Kijiji kilichimba mashimo ya matofali kila upande, nayo yalijaa maji na mbu. Kaya zilikuwa nyingi mno kwa bwawa moja. Samaki mmoja hakuwa ukuta wa kuzuia homa, na waliokula mamia kabla yangu hawakuota ndoto mbaya. Yote haya ni kweli. Ni kweli pia kwamba jike lile lilikuwa na mayai, na lilikuwa la mwisho, na aliyelitoa alikuwa ameonywa kwa lugha aliyoielewa. Wapagazi hawakuwa na ubao wala mishale. Walikuwa wamelala kando ya bwawa lile vizazi viwili au vitatu, wakaona mwaka wa samaki na mwaka usio na samaki, wakahesabu makaburi, wakaifunga hesabu yao ndani ya tishio ambalo hata mtoto angelibeba. Walichokosa kupanga ni mtu afanye nini siku ambayo njaa iko ndani ya nyumba yake na msafara wa nyuma hauonekani.

Mama Zuhura na mumewe walirudi kwao upande wa Igunga baada ya amri ya kuishi vijijini kulegea. Nilikutana naye mara moja tu, sokoni Tabora, mimi nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilimtambua kabla hajanitambua. Ningeweza kupita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ee! Si wewe wa pale bwawani? Umeshakuwa mama mtu!" Akamshika mtoto wangu mguu, akaupima kwa kiganja kama tunavyofanya. "Na yule kichanga wa mama yako, yule aliyekosa maziwa?"

"Yupo. Yuko darasa la sita."

"Alhamdulillahi. Tulihangaika naye yule. Nilikuwa nasikia ukutani kwangu anavyolia, silali."

Nilitaka kumwambia yote. Alikuwa mzee kuliko miaka yake, na kikapu chake kilikuwa na dagaa robo na kitunguu kimoja. Ukweli wangu ungemfaa nini, zaidi ya kunipunguzia mimi mzigo na kumtwisha yeye? Nikamuuliza hali ya mumewe. Akanijibu. Tukaagana.

Kama ningewekwa tena pale bwawani saa sita ile, na tenga mkononi, ningemvua samaki yule. Nimejipima sana katika hilo, na siwezi kuandika uongo. Ila ningemvua nikijua, kama mtu mzima anavyojua, kwamba si mimi peke yangu nitakayelipa, na kwamba aliyetuletea karanga zake za mwisho ndiye aliyekuwa msafara wa nyuma.