Nyimbo za Kiingereza za Baba Yangu

Nilimvua mwanangu ngoma shingoni mbele ya darasa zima. Sikupiga kelele. Nilivuka ukumbi wa shule na viatu vyangu vya kazini, vile vyenye chuma mbele, nikapita katikati ya watoto waliopangwa kwa mazoezi, nikauinua mkanda juu ya kichwa chake kama mtu anayemvua mtoto sweta, nikaiweka ile ngoma juu ya piano. Ilikuwa ya plastiki, imechorwa pundamilia. Kiunoni walikuwa wamemfunga kitambaa cha madoa ya chui. Nacho nikakifungua.

Mwalimu wake ni binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya kubembeleza. Akasema, "Kuna tatizo?"

"Lipo. Nilikwambia wiki iliyopita."

Mimi nilikuwa nimepita tu kuleta kofia. Mtoto akisahau kofia hapa haruhusiwi kucheza juani, na nilikuwa njiani kwenda kazini. Lakini nikachungulia ukumbini, nikamwona wangu amesimama pembeni, anapigapiga ngoma kwa vidole viwili huku wenzake wakiimba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri basi. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Shule ilikuwa inaandaa siku ya nyimbo za mababu na mabibi. Kila mtoto alete wimbo ambao babu au bibi yake anaupenda, aimbe kipande, aseme kwa nini. Mwanangu, ana miaka saba, alirudi nyumbani anarukaruka kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Babu yake ni baba yangu, fundi cherehani mstaafu, yuko Dar es Salaam, na nyimbo zake ni za Waingereza, za miaka ya sitini alipokuwa kijana. Mtoto akachagua ule wa makofi. Mwalimu akausikiliza, akasema ni mzuri sana, halafu akamuuliza kama hangependa kuleta kitu cha utamaduni wake. Akampa ngoma.

Nilikwenda kuongea naye kwa adabu zote. Akasema atalifikiria. Basi akalifikiria, akaongeza na ngozi ya chui.

Mimi nimeishia kidato cha nne, na maneno laini sina. Nafungasha mizigo kwenye ghala Wetherill Park, hapa Sydney. Baba wa mtoto anaendesha lori, analala barabarani zaidi kuliko kitandani kwake. Nimechoka hata kukasirika kunanichosha. Lakini kuhusu nyimbo hizi nitasema, kwa sababu nilizijua kabla sijajua kuvaa viatu.

Mimi ni kitinda mimba. Baba alinipata akiwa ameshaanza kuvaa miwani ya kutungia uzi. Mahali pangu palikuwa chini ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, na juu yangu miguu yake ikikanyaga. Ule wimbo wa makofi unaanza na ngoma peke yake, kisha makofi, kisha sauti za vijana zinaingia zote kwa pamoja kama wanafunzi waliofunguliwa mapema. Baba alikuwa akikanyaga cherehani kwa mwendo ule ule. Mama akiwa jikoni alijua kinachoshonwa bila kuja kuangalia. "Huo wa mbio ni sare za shule," anasema. "Akianza wa polepole ujue kuna bibi harusi."

Nyimbo hizi baba alizipatia Kariakoo, kwa Mhindi mmoja aliyemfundisha ufundi na aliyekuwa na redio dirishani. Vijana wa mjini walikuwa wanakuja na jalada la santuri mkononi, wanaweka kidole juu ya picha. "Fundi, nataka suruali kama ya huyu wa pili." Baba anasema aliijua miguu ya wale Waingereza kabla hajajua wanaimba nini. Alipima kwa macho kutoka kwenye picha, akakata, ikatoka. Baadaye akanunua kinanda cha santuri kilichochoka, na hicho ndicho nilichokikuta nyumbani.

Kuna wimbo mwingine, wa taratibu, unafunguliwa na kinanda cha mdomo, na kijana anaaga mtu. Huu una hadithi yake. Ulikuja wakati suruali za kubana zilipigwa marufuku, na vijana wa chama wakawa wanasimama barabarani na chupa ya soda. Unasimamishwa, chupa inatumbukizwa kiunoni, inatakiwa itokee mguuni. Ya baba ikakwama gotini. Walimchana suruali kwa wembe toka paja mpaka chini, wakamuuliza, "Huu ni utamaduni wa nani?"

"Wangu," akasema. "Nimeishona mwenyewe."

Alipigwa kofi kwa jibu hilo. Akarudi nyumbani ameishika suruali kwa mkono, njia nzima akipiga mluzi wimbo ule wa kuaga, maana mluzi haukuwa umepigwa marufuku. Alikuwa anatusimulia huku anacheka, nasi tunacheka, na mama anamalizia, "Na mguu wenyewe ulivyo mwembamba, sijui hiyo chupa ilikwama wapi." Nimecheka hadithi hiyo miaka mingi. Siku mwanangu aliporudi na neno utamaduni mdomoni sikucheka.

Wa tatu siwezi kuumaliza. Ni wa mwanamke mwenye sauti nzito, na vinanda vingi nyuma yake vinavyopanda kama maji ya mvua mtaroni. Mama alikuwa anamwita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu leo anaimba nini?"

"Analia. Kaachwa."

"Mwambie aje aoshe vyombo hivi, atasahau."

Siku nyingine ulikuwa ukianza tu mama anapiga kelele toka uani, "Huyo bado hajapata mwingine?" Baba anaongeza sauti makusudi. Mama alifariki mwaka mmoja kabla sijaja huku. Baba hapigi tena wimbo ule. Mimi ninao kwenye simu, nausikiliza kwenye basi la Wetherill Park, na sauti ya yule mwimbaji inapoanza kupanda nauzima, nachungulia dirishani maghala yanavyopita.

Sasa mwanangu. Kiswahili anasikia, anajibu Kiingereza. Wote huku ni hivyo, hata wa majirani zangu. Baba naye Kiingereza chake ni cha nyimbo tu, ukikitoa kwenye nyimbo hakisimami. Tulipohamia Liverpool nilimpigia kumwambia, akauliza kama nimeshawaona wale vijana wa santuri zake. Ikabidi nimweleze kwamba hii si ile Liverpool yao ya Uingereza, ni nyingine, iko Sydney, ina hospitali na maduka na foleni ya mabasi. "Basi wasalimie wakipita," akasema.

Kila Jumamosi tunampigia simu ya video. Zamani ilikuwa hivi: Shikamoo babu. Marahaba, umekula? Ndiyo. Shule vipi? Nzuri. Kisha wanatazamana, mimi katikati natafsiri kama karani wa mahakama, mpaka mtoto anateleza kwenye kiti na kuondoka. Jumamosi moja baba, kwa kukosa la kusema, akaanza kuuimba wimbo wa makofi. Mtoto alikuwa anaujua kwa kunisikia mimi nikiosha vyombo. Akaudaka. Wakapiga makofi, na kwa sababu ya mtandao makofi ya babu yakawa yanafika nyuma ya yake, kila mmoja anamwambia mwenzake umechelewa, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza, na wanaelewana. Mimi sikuhitajika. Nilikwenda kukunja nguo chumbani, nawasikia wanacheka, na nilipumzika kuliko nilivyopumzika mwezi mzima.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao. Mtoto akaanza kukimbilia simu. Baba akaanza kuvaa shati la kola siku za Jumamosi.

Jumamosi iliyofuata baada ya mtoto kupewa ile ngoma, baba alikuwa tayari kwenye kioo cha simu, mikono ameiachanisha mbele ya kifua, anasubiri kuanza. Mtoto hakuinua yake. Akasema kwa Kiingereza, akiangalia meza, "Siyo wimbo wetu. Mwalimu amesema tutafute wa kwetu."

Baba hakuelewa. Mikono bado iko hewani.

"Amenichoka?" akaniuliza.

"Hapana baba. Ana mafua."

"Mafua ya mikononi?"

Alikuwa anatania, lakini alishusha mikono polepole, akaanza kuniuliza bei ya mchele huku. Mtoto alikwisha kuondoka.

Hilo ndilo lililokuwa kifuani nilipoingia ukumbini na kofia mkononi. Sikuwa nimekwenda kugombania ngoma.

"Nilidhani mngefurahi," mwalimu akasema. "Tunataka kila mtoto ajivunie anakotoka."

"Anatoka kwa babu yake. Babu yake anaimba huo."

"Naelewa, lakini ule ni wimbo wa Uingereza. Tulitaka kitu halisi zaidi."

"Na yule mwenzake darasani mwenye babu Mwingereza anaimba nini?"

Akanitajia. Ni wimbo wa miaka ile ile, baba yangu anaujua toka mwanzo mpaka mwisho.

"Na yeye mbona hakupewa ngoma?"

"Kwao ni tofauti," akasema, kisha masikio yakamwiva mekundu. Akaangalia watoto, akasema muda ni mfupi, niombe miadi ofisini.

Mwanangu akanivuta mkono. Nilidhani anataka kuniegemea. Akaninong'oneza niondoke, namwaibisha. Basi nikamvalisha kofia, nikaondoka. Kituoni nilikaa juani, basi langu likapita, sikuinua mkono.

Kazini kuna mama mmoja wa Kongo, mkubwa kwangu, namwita dada mkubwa. Mapumzikoni nikamweleza yote.

"Weye ulimupiga mwalimu?"

"Nimevua ngoma tu."

"Ah, pole, sasa wewe ndiye mwenye makosa." Akanisogezea nusu ya chapati yake. "Sikiliza. Mie kanisani huko walituomba tucheze ngoma siku ya wageni. Mie Bukavu nilikuwa napiga kinanda, ya kanisa, kubwa. Ngoma sijui hata kuishika. Lakini nilicheza tu, juu ya chakula yenye walikuwa wanatupa."

"Mimi sitaki mwanangu acheze ili apewe chakula."

"Basi andika. Ukisema kwa mdomo, wanasema huyu mama iko na hasira. Ukiandika, wanatafuta mutu wa kujibu. Na usimutukane, hata kama anastahili. Weka ile tu ya mutoto."

Nikasema sijui kuandika Kiingereza cha wakubwa.

"Mwanao unamujua? Babu yake unamujua? Ni nini ingine?"

Niliandika siku yangu ya mapumziko, mtoto akiwa shule, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Rasimu ya kwanza ilikuwa na matusi, nikaifuta. Ya pili ilikuwa na hadithi ya chupa ya soda, nikaifuta pia, ile ni ya baba, si ya kupeleka ofisini. Ya tatu niliipeleka. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini niliipanga kama barua tulizofundishwa sekondari, na kwa Kiswahili inasema hivi:

Kwa Mkuu wa Shule,

Yah: Malalamiko rasmi kuhusu wimbo wa mwanangu

Mimi ni mama wa mwanafunzi wa darasa la pili. Watoto waliambiwa walete wimbo unaopendwa na babu au bibi. Mwanangu alileta wimbo anaoupenda babu yake. Mwalimu aliukataa kwa sababu ni wa Uingereza, akampa ngoma na kitambaa cha chui. Nyumbani kwetu hakuna anayepiga ngoma. Mtoto mwingine, ambaye babu yake ni Mwingereza, ameruhusiwa wimbo wa aina hiyo hiyo.

Niliingia ukumbini bila ruhusa nikasimamisha mazoezi. Hilo nalikubali, nichukulieni hatua mnavyotaka. Lakini lisitumike kukwepa la kwanza.

Baba yangu hajui Kiingereza na mwanangu hasemi Kiswahili. Wimbo huu ndiyo lugha wanayoongea. Tangu aambiwe si wake, mwanangu hataki kuuimba na babu yake. Baba yangu ni mzee na anadhani mjukuu wake amemchoka. Mimi sina namna ya kumwambia mtoto kwamba mwalimu amekosea akaniamini, kwa sababu ananiona mimi ni mama tu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwanangu aimbe wimbo aliouchagua. Na mwalimu mwenyewe amwambie, mbele ya watoto aliokuwa amesimama nao, kwamba wimbo huo ni wake. Sihitaji kuombwa radhi mimi.

Kama haiwezekani, naomba niandikiwe sababu, kwa maneno ambayo mnaweza kumsomea yeye.

Tunampigia babu yake Jumamosi. Naomba jibu kabla ya hapo.

Mama wa mtoto