Hyasinta na Uji wa Mtama

Dada yangu Hyasinta aliogopa uji. Katika kijiji chetu kizima cha Nyamuswa sikupata kusikia mwanamke mwingine aliyeuogopa.

Mtoto wake wa kwanza, Benedikta, alizaliwa mnene. Alipoanza tu kulishwa uji wa mtama, vidole vya mikono vikavimba, akawa mtu wa kulia na homa. Alikufa kabla hajajua kusema. Kwa hiyo mtoto wa pili, Keraryo, alipozaliwa, mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba kwetu, Hyasinta aliapa kuwa huyu atanyonya tu. Umri wa uji ukafika, ukapita. Mtoto akakonda, mbavu zikaonekana.

"Utamuua kwa njaa," mama mkwe wake alimwambia mbele yangu.

"Na wewe ulikuwaga unasema hivyohivyo kwa Benedikta. Ukamlisha."

Mimi si msemaji. Nilikaa na maneno yangu siku nyingi, ndipo nikamwomba dada twende hospitali Musoma.

Daktari aliyetupokea, kijana aitwaye Luhende, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akachukua bendeji, akaifunga mafundo mawili.

"Mama, ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu uliokunjwakunjwa. Ndio wenye maagizo tuliyorithi. Fundo hili ni agizo la damu ya mtoto wa tumboni. Hili ni la damu ya ukubwani. Ncha hii ni swichi." Akaikunja bendeji mpaka ncha ikagusa fundo la kwanza. "Uzi ukikaa hivi, agizo hili linafanya kazi. Baada ya kuzaliwa unajikunja upya." Akaihamisha ncha hadi fundo la pili. "La kwanza linazimika. Kama la pili lina kasoro kutoka kwa baba na mama, ndipo ugonjwa wa damu uitwao sikoseli unajitokeza, vidole vikavimba. Unaangukia umri wa kuanza uji. Uji hauna kosa."

"Nani anaukunja?"

"Mwili wenyewe. Hata mtoto asipokula kitu."

"Basi ufunge pale pa kwanza, usihame!"

Daktari aliitazama ile bendeji. "Hatujui namna, mama. Bado wanatafuta."

Dawa ya kupimia damu ilikuwa imekwisha. Akatwambia turudi mwezi unaofuata, au mapema mtoto akivimba.

 Ndani ya basi Hyasinta alikuwa akibonyeza vidole vya Keraryo, kimoja kimoja. Jioni alipika uji. Mtoto alikula kwa pupa. Tangu siku hiyo kila nilipopita kwake nilitazama kwanza mikono ya mtoto, ndipo nikasalimia.

Asubuhi moja aliniita. "Kaka, njoo uone."

Mkono wa kushoto wa Keraryo ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa.  Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye sufuria jikoni, na yeye akaona yalikokwenda.

"Siyo uji, kaka," alisema huku machozi yakimtoka, akiukoroga upoe. "Mpakate, ale kwanza. Halafu twende tukapande basi."