Mama Ibidun aacha kikaango, aokoa vyuma vya mafundi

Saa moja asubuhi, maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kwenye mabati ya soko la Oke-Irin. Sijuwade Akinbami, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Ibidun, ameinamia jiko la mkaa. Juu ya jiko hakuna sufuria. Kuna randa kuukuu ya chuma, inapata joto.

Anaigusa kwa kiganja, anaiacha, anaigusa tena.

"Chuma baridi kinaficha maji," anasema. "Ukipaka mafuta juu ya maji, umemfungia mwizi ndani ya nyumba."

Kesho ni sikukuu ya Ogun, mungu wa chuma. Mafundi watapanga zana zao uwanjani, zile za marehemu wazazi wao zikiwa mstari wa mbele. Yenye kutu hurudishwa nyuma, na mwenyewe huimbwa na wanawake mpaka akose pa kuficha uso.

Randa hii ni ya seremala Oyekanmi, ambaye hapa huitwa Baba Lekan, aliyeirithi kwa baba yake. Mara ya mwisho ilipofika uwanjani ilirudishwa nyuma, na tangu hapo haijatoka sandukuni. Aliyeiponza ni Mama Ibidun mwenyewe.

Wakati huo alikuwa akikaanga akara, bagia za kunde, mlangoni mwa soko. Mafundi walizoea kumwomba mafuta yaliyobaki wapake zana zao. Aliwagawia bila hiyana, pamoja na makombo ya kunde yenye chumvi yaliyotuama chini. Chumvi ile ikala vyuma taratibu.

"Uwanja mzima ulikuwa mwekundu," anasimulia, akicheka mpaka anashika mbavu. "Wanawake wakawaacha mafundi, wakaniimba mimi. 'Mke wa Akinbami kakaanga randa, nani atakula?' Nilizima jiko siku ile ile."

Aibu ilimpeleka kwa shangazi yake, mjane wa mwindaji, aliyekuwa akitunza bunduki ya marehemu. Huko alijifunza kusugua kutu kwa majivu na ndimu, kusuuza, kukausha motoni, kisha kupaka mafuta ya shea, kidogo tu. Chombo huviringishwa kwenye kitambaa kikavu pamoja na kipande cha kafuri, na hakilazwi kwenye sakafu ya saruji.

Siku hizi meza yake imejaa patasi, misumeno na majembe ya watu. Patasi moja ni naira mia tano. Asiye nazo huleta kiazi kikuu, naye hapokei kwa kinyongo.

Oyekanmi peke yake ndiye aliyekuwa hajaja. Juma lililopita aliitua randa mezani, hata salamu hakutoa. Leo amerudi, anazungukazunguka jiko.

"Imeiva?"

"Bado, Baba Lekan. Sogea huko, usije ukaitia mate."

"Ukiikaanga tena, mama, utahama mji huu."

"Nitahama na wewe. Nani mwingine atanibebea jiko?"

Oyekanmi anacheka, lakini macho hayabanduki kwenye randa. "Milango ya mji huu baba aliilainisha kwa hiyo," anasema kwa sauti ya chini. "Kesho ikirudishwa nyuma, sitaitoa tena."

Mama Ibidun anaiepua randa motoni. Anachota mafuta kwa ncha ya kidole.

Siku ya sikukuu jua limetoka. Mkuu wa wahunzi, Mzee Fagbamila, anapita na kitambaa cheupe, akipangusa chombo kimoja kimoja. Anapofika kwenye randa ya Oyekanmi anapangusa, anageuza kitambaa, anapangusa tena. Hakuna wekundu. Anaibeba kwa mikono miwili na kuiweka mstari wa mbele.

Wanawake wanauanza wimbo ule ule wa zamani, na Mama Ibidun anainamisha kichwa. "Mke wa Akinbami kakaanga randa," wanaimba, "tumeila, tumeshiba!"

Oyekanmi analia hadharani, wala hajifuti. Ni furaha tupu.

Tembo la mchikichi linamiminwa juu ya zana, ngoma zinapamba moto, mji mzima unacheza. Mama Ibidun amepiga magoti na matambara yake, anafuta.

"Ogun ameshakunywa," anasema. "Yaliyobaki ni kutu ya kesho."

Oyekanmi anapiga magoti kando yake na kuchukua tambara. "Akara za siku hizi hazina ladha," anasema. "Jiko la zamani unaliwasha lini?"

"Kesho asubuhi, pale pale mlangoni mwa soko. Kunde nimeshaziloweka tangu jana."

"Jana? Na kama randa ingerudishwa nyuma?"

"Ningezila peke yangu, nimejifungia ndani."

Seremala anaikumbatia randa yake na kuinuka.

"Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni," anasema. "Lakini mafuta, mama, baki nayo."