Choo cha Mkwe

Nyumba tuliyopanga Tororo ilijengwa na Mhindi mmoja muuza vitambaa, zamani, kabla mimi sijazaliwa, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimechoka. Milango haikufunga sawasawa, na bati lilivuja juu ya kitanda. Lakini ilikuwa na choo cha kuvuta. Kilikuwa uani, nyuma ya jiko: bakuli jeupe lenye ufa, na juu ukutani tangi la chuma lenye mnyororo na kishikio cha mti. Ukivuta, mtaa mzima unajua. Mimi msichana wa kijijini Lunyo, niliyekua na choo cha shimo chenye gunia mlangoni, nilikionea fahari choo kile kuliko hata pete yangu ya ndoa. Mume wangu, aliyekuwa karani wa stesheni, alinicheka sana. "Wenzako wageni wakija wanaonyesha makochi," alisema, "wewe unaonyesha choo."

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru wetu ungali mpya, na mimi mwenyewe nilikuwa mpya mjini. Sakafu niliipiga deki asubuhi na jioni, na yale maji machafu nilikuwa nayamwaga chooni ili tu nipate sababu ya kuvuta mnyororo.

Ndipo mama yangu alipoanza kukohoa damu. Hospitalini walisema achomwe sindano kila siku kwa miezi miwili, bila kuruka hata siku moja. Daktari aliniita pembeni. "Akiziacha katikati," aliniambia, "usitegemee atapona." Kutoka Lunyo hadi Tororo si safari ya kwenda na kurudi kila siku, tena kwa mgonjwa. Ilibidi akae kwangu.

Kwa watu wa kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini ampishe mwenzake. Kukalia mahali anapokalia mkwe wako ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Mahali pa kulala tulipata, kwa kuwa uani kulikuwa na chumba ambacho Mhindi alimlaza mtumishi wake. Chakula nilimpelekea humo humo. Ila choo kilikuwa kimoja tu.

"Nikalie pale anapokalia mkwe wangu?" Mama aliniuliza siku ya kwanza. Alinong'ona, ingawa mume wangu alikuwa kazini.

"Mama, hapa ni mjini. Ukimaliza unavuta huu mnyororo, maji yanachukua kila kitu. Nani atajua?"

Alilitazama lile tangi kwa muda. Kisha akanionyesha kikapu alichokuja nacho. Kilijaa magunzi ya mahindi yaliyokaushwa vizuri, kwa maana Mama hakuwa mgeni wa kwenda kwa watu mikono mitupu, hata kwa mambo ya chooni.

"Hayo usithubutu kuyatia humo," nilimwambia. "Kitaziba. Tumia magazeti, nimekukatia."

"Haya, mwanangu," alisema.

Kesho yake alfajiri, nikiwa bado kitandani, nilisikia mnyororo ukivutwa na maji yakishuka kwa kishindo. Nilimgusa mume wangu begani. "Umesikia? Mama amezoea." Masikini, alijifunika shuka kichwani kwa haya. Tangu hapo ikawa hivyo kila alfajiri. Nilifurahi mno, nikajiona nimemtoa mama yangu ushamba.

Sindano zilimkubali. Wiki ya tatu kikohozi kilikuwa kimepungua, na mchana nilimsikia akiimba akichambua maharagwe. Alikuwa amezoeana na jirani yetu wa nyuma ya ua wa michongoma, mjane wa kutoka Kisoko aliyefuga bata. Mimi sikuwa na habari naye. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na bata wake walikuwa wakija kunya kwenye varanda yangu.

Jumamosi moja choo kiligoma. Nilivuta mnyororo, na maji badala ya kushuka yakapanda mpaka ukingoni, yakasimama pale yananitazama. Nilichemsha maji nikatia magadi, nikamwaga. Nikachokoa kwa waya wa ua. Nikachokoa kwa mpini wa jembe. Kufikia saa sita gauni lilikuwa limelowa, sakafu niliyoipiga deki imejaa uchafu, na mimi hasira imenipanda kichwani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ulimi wangu hauna breki. Nilijua ni magunzi. Hata sikujiuliza mara mbili.

Nilimkuta Mama amekaa mlangoni pa chumba chake.

"Nilikwambia nini kuhusu magunzi? Nilikwambia nini! Huu ushamba wako utaniua. Sasa mume wangu akirudi ashike kinyesi chako kwa mikono yake?"

Mama alikuwa anatazama nyuma yangu. Niligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama pale uani na baiskeli yake, amerudi kwa chakula cha mchana, na neno lile alikuwa amelisikia lote.

Mpaka leo namwona Mama akivuta kitambaa cha kichwani na kujifunika uso.

Mume wangu alivua shati la kazi, akafunga gunia kwenye ncha ya mti, akalikaza kwa mpira wa tairi, akaingia chooni kuzibua. Alidhani anatenda wema, na kweli ulikuwa wema. Alisukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta, na kila sauti ya maji yale ilifika kule kwenye chumba cha uani. Baada ya saa nzima kitu kikaachia, maji yakanywea mara moja. Hakuna kilichorudi juu.

"Yamekwenda," alisema, akaenda kunawa.

Asubuhi ya Jumapili Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Alisema ndege wanamaliza mtama wake shambani. Nilijua ni uongo, naye alijua kwamba najua. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Busia, na njia nzima neno "nisamehe" lilikuwa mdomoni mwangu, nikalitafuna, nikalimeza. Nilikuwa bado naona nina haki.

"Kesho urudi, usikose sindano," ndilo nililoweza kusema.

"Nitarudi, mwanangu."

Hakurudi. Niliagiza watu, nikaenda mwenyewe mara mbili, lakini alikataa kukanyaga tena uani kwa mkwe wake. Kabla mtama haujavunwa tukamzika.

Msimu wa mvua uliofuata choo kikaziba tena. Safari hii mume wangu aliamua kutafuta chanzo. Akafunua kifuniko cha chuma cha shimo la maji machafu nyuma ya nyumba, akatumbukiza waya mrefu ulioviringwa ncha, akazungusha na kuvuta mpaka jasho likamtiririka. Kitu kikaja taratibu, cheusi, kimeshikana na mizizi ya mti. Akakitupa majanini.

"Kumbe ni nguo," alisema.

Nilikimwagia maji. Kilikuwa kipande cha gauni langu la shule, chenye pindo la uzi mwekundu nililolishona kwa mkono wangu. Nilikuwa nakipigia deki. Wiki ile ile niliyompigia Mama kelele kilinipotea, nikaona si kitu, nikachana kingine. Nilikimwaga mwenyewe pamoja na maji ya ndoo. Tulisafisha shimo lile mpaka chini, na hakukuwa na gunzi hata moja.

Nilikaa chini palepale kwenye matope nikalia. Mjane wa bata alinisikia, akaja hadi kwenye uwazi wa michongoma, akaniuliza kumetokea nini. Nikamwambia yote, jinsi nilivyomsingizia mama yangu kwamba ameziba choo.

Alinishangaa. "Mamako? Yeye hii choo hakukalia hata siku moja. Choo ya mkwe! Alikuwa nakuja kwangu kila asubuhi, giza bado iko. Kuja uone."

Alinishika mkono tukapita pale kwenye uwazi. Ndani ya choo chake cha shimo, kwenye msumari, kilining'inia kikapu cha Mama. Magunzi yalikuwa yamebaki machache, chini kabisa.

"Lakini nilimsikia," nilisema. "Kila alfajiri nilikuwa namsikia akivuta mnyororo."

"Ndiyo, alikuwa navuta kwanza, halafu nakuja." Yule mjane alizungumza polepole, kama mtu anayemfikishia mwenzake salamu zilizochelewa. "Mimi nikamwuliza, unavuta ya nini na hujakaa? Akasema, mtoto yangu anapenda hiyo choo sana. Wacha asikie, afurahi."

Nami nilisikia kila alfajiri, na nilifurahi kweli.