Mume Wangu Aliiambia Shule Binti Yetu Hana Sikoseli

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu yumo humu humu kwenye page na huwa mwepesi wa kushauri wenzake. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, Mkenya, naishi Al Rayyan hapa Doha na mume wangu na binti yetu wa miaka saba. Mimi nafanya kazi hotelini, yeye ni mtu wa kompyuta katika ofisi moja West Bay. Binti yetu ana seli mundu, ile wengi tunaita sikoseli. Baridi ikimpata au akikosa maji, mifupa inamuuma mpaka anajikunja.

Na mnazijua AC za huku. Nje unaungua, darasani unatetemeka. Ndiyo maana alipoanza shule niliomba ofu nikaenda mwenyewe. Nilikaa na mwalimu wake, nesi wa shule na dada wa basi, nikawaeleza: sweta asivuliwe, asikalishwe chini ya AC, chupa ya maji iwe mezani, akiomba choo aende hata kama ametoka huko sasa hivi, na akisema anaumwa asiambiwe anadeka. Wakanisikiliza. Mwalimu alimhamisha dawati siku hiyo hiyo, na muhula mzima mtoto hakulazwa.

Juzi napigiwa simu nikiwa kazini. Nafika, mtoto amejikunja kwenye kitanda cha nesi analia, "Mummy, miguu." Sweta hana. Chupa iko kwenye begi, haijaguswa. Nilimwakia yule nesi mbele ya watu, nikamuuliza niliwaeleza nini. Akaningoja nimalize, akasema, "Madam, baba yake alikuja. Alisema wewe una hofu tu, vipimo vipya vimetoka safi, tumchukulie kama watoto wengine."

Vipimo gani? Hakuna vipimo!

Nilimkimbiza mtoto hospitalini. Mume wangu alipofika nilimuuliza pale pale wodini, mtoto ana dripu mkononi. Hakuona hata aibu. "Tulia basi. Wasee wa ofisi waliniambia serikali ya huku ikijua una mtoto mgonjwa haikuongezei visa. Unataka turudi Nairobi tukule nini?"

Wasee wa ofisi, yaani wenzake wa kupiga soga! Hakumuuliza daktari, hakuuliza wakubwa wake wa kazi, hakuniuliza mimi niliyembeba huyo mtoto. Na anaficha nini, jamani, wakati binti yetu anatibiwa kwa kadi ya afya ya serikali ya hapa hapa na faili lake linajaa? Mtu na digrii yake anaendesha maisha ya mwanawe kwa porojo za chai ya saa nne. Nimemkasirikia kiasi kwamba hata kumpakulia chakula siwezi.

Nesi ameniambia shule haiwezi kufuata maneno mawili. Inataka mimi na baba yake tufike pamoja na tuseme kitu kimoja. Mume wangu amekataa katakata, na ananiambia nikienda peke yangu nijikatie tiketi ya kurudi kwetu.

Jana nikimpaka mtoto mafuta nilimuuliza mbona hakumwambia mwalimu mapema. Akasema, "Daddy alisema nikisema naumwa tutarudishwa Kenya. Nilinyamaza, Mummy, nilinyamaza sana."

Jumapili, siku ambayo wiki ya shule huanza huku, anarudi darasani. Hata nikiwafundisha upya walimu wote, wa kwanza kusema anaumwa ni mtoto mwenyewe, na babake amemfunza kunyamaza. Nishaurini, nifanye nini?