Gari la Mama Mashuka

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mashuka, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye chumba kilicho nyuma ya sehemu ya kufulia, akitia viraka na kushona herufi nyekundu za wodi pembeni mwa mashuka, yasije yakahama. Mtoto hakuwa naye. Mshahara alikuwa nao, tena wa kila mwezi, na huo ndio uliomponza.

Bwana aliyeishi naye alikuwa dalali wa viwanja, leo anacho, kesho hana. Alipotaka gari la mkopo, na kampuni ya mikopo ya magari ikadai mtu mwenye ajira, bwana alimwambia, "Weka saini tu, mpenzi. Ni kama ushahidi." Akaweka, kurasa nne, bila kusoma hata mstari mmoja, yeye ambaye hapokei shuka bila kulikagua pembe zote nne.

Waliachana. Bwana akaondoka na gari, akasahau ufunguo wa akiba kwenye droo. Baada ya miezi mitatu ikaja simu ya kampuni.

"Mama, marejesho hayaingii, na jina lako limo kwenye mkataba. Gari likifika kabla ya Ijumaa tutaliuza. Lisipofika, tunakata nusu ya mshahara wako kwa miaka miwili."

"Lakini tumeachana."

"Pole, Mama. Mmeachana nyinyi. Mkataba haujaachana na mtu."

Akangoja hasira ije, haikuja. Alihisi ganzi tu, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Akamalizia pindo, akakata uzi. Dada yake ndiye aliyelia kwenye simu kwa niaba yake, kisha akamalizia na lile la ndugu wote: "Si nilikuambia?" Majuto ni mjukuu, na ndugu ndio wakunga wake.

Alhamisi akaenda na dereva wa ambulensi hadi ofisini kwa dalali. Gari lilikuwa nje, na vitambaa vya viti alivyovishona yeye. Bwana akatoka akitabasamu.

"Unalitaka? Haya, liendeshe."

Bwana alijua kwamba mwenzake hajui kuendesha. Kila wiki alikuwa akimwahidi, "Jumapili nitakufundisha." Mama Mashuka akampa dereva ufunguo, akapanda mbele, akafunga mkanda.

Kwenye kampuni karani akamsogezea karatasi. "Bei isipofikia deni, kinachobaki mtadaiwa wote wawili. Saini hapa."

"Ngoja nisome."

Akasoma kidole kikiwa chini ya mstari, watu wa foleni wakiguna nyuma yake. Kwenye ukurasa wa pili akasimama.

"Hapa pameandikwa mmiliki ni mimi."

"Ndiyo, Mama. Mwenye ajira ndiye anayeandikishwa. Gari lilikuwa lako tangu siku ya kwanza."

Miaka miwili alikuwa akienda kazini kwa miguu, mvua zote, kwa sababu bwana alisema gari lake halipiti kwenye matope. Akasoma tena mstari ule. Ndipo machozi yakaja, kwa mara ya kwanza, yakalowesha karatasi. Karani akamletea nyingine, naye akaanza kuisoma upya tangu juu.